Kabla ya kununua kadi ya grafiki, fungua keisi (kasha la kompyuta) kwanza

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na harusi ya Mombasa si ya siku moja. Kompyuta yangu ya mezani ni HP EliteDesk 800 G1, ile nyembamba, mtumba wa ofisi. Video ya saa moja nikishaihariri, niliiacha kompyuta iitoe kama faili usiku kucha, nikiamka naikuta bado inasuasua. Nikaambiwa dawa ni kadi ya grafiki, ile inayoisaidia kompyuta kazi za picha na video.

Nikaenda mjini, nikarudi Majengo na kadi ya feni mbili, zito kama tofali. Kufungua keisi, lo! Kadi ina kimo kuliko keisi yenyewe, kifuniko hakifungiki. Tena ina tundu la waya wa pini nane, na pawa saplai yangu, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, waya huo haina. Muuzaji hana kosa. Mimi ndiye niliyekwenda dukani bila hata kumwambia nina mashine gani.

Kwa hivyo ukiwa na keisi nyembamba kama yangu, tafuta kadi ya kimo kifupi. Halafu soma karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai. Yangu imeandikwa wati 240, na hizo zinagawanywa kwa kila kitu kilichomo ndani. Sloti ya PCI Express, yaani tundu refu la kuchomekea kadi, ikiwa ni ya x16 hutoa hadi wati 75 kwa kadi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima iwe na waya wake kutoka pawa saplai. Utauziwa kiunganishi cha kugeuza waya wa diski uwe wa pini sita. Achana nacho, waya ule haukutengenezwa kubeba mzigo huo, na plastiki ikianza kuyeyuka huna pa kulalamika.

Mimi nilitulia kwa kadi ya Nvidia iitwayo GTX 1650, ya kimo kifupi, ya wati 75, isiyo na tundu la waya. Angalia vizuri, maana zipo GTX 1650 zenye tundu la pini sita. Ndugu yake GT 1030 ni rahisi na hula wati 30 tu, lakini haina kile kipande cha kusimba video (kuibana iwe faili), kwa hivyo kwa kazi kama yangu haikufai. Na ukinunua iliyotumika, ulizia lile bamba fupi la chuma la nyuma, linaloishikilia kadi kwenye keisi nyembamba. Wengi hulipoteza. Mimi nilirudi mjini mara ya pili kwa sababu ya bamba tu.

Kufunga kwenyewe hakuna makuu. Zima, chomoa waya wa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha keisi kabla hujashika kadi. (Unyevu wetu wa pwani hupunguza umeme tuli, lakini usijitie ushujaa.) Hewa ya chumvi nayo haina huruma: kadi yangu ya mtumba meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia, nikayasugua taratibu kwa raba safi ya penseli, nikapangusa. Iingize ikiwa wima, sukuma kwa usawa mpaka usikie "ta!", kisha ifunge nyuma isicheze.

Nikawasha. Skrini nyeusi! Jasho likanitoka, nikaitoa kadi na kuirudisha mara tatu, na huku mke wangu ananiuliza kama pesa zimekwenda na maji. Kumbe waya wa skrini nilikuwa bado nimeuchomeka kwenye tundu la zamani la madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Uhamishie kwenye kadi. Na kama skrini yako ina tundu la kizamani la VGA peke yake, tafuta kigeuzi mapema, kwani GTX 1650 haina tundu hilo.

Draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, chukua kwenye tovuti ya Nvidia yenyewe. Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu yako ya kuhariri uiambie itumie kadi wakati wa kutoa video. Hili nilikuja kuligundua baada ya siku mbili, nikiwa nishaanza kuitukana kadi.

Ile ya feni mbili ingali kabatini, ndani ya boksi lake. Mwenye keisi pana na pawa saplai ya kutosha aje tuelewane bei.