Barua kutoka kwa wewe wa kesho: mimi niliandikaje

Dada uliyeuliza, nimeielewa shida yako: mshauri wa kikundi chenu cha kanisani amewaambia kila mtu aandike barua kana kwamba inatoka kwake mwenyewe wa miaka 10 ijayo, nawe umekaa na karatasi tangu Jumapili hata salamu haijatoka. Mimi niliiandika hiyo barua na ilinisaidia, ingawa si kwa lile jambo nililoiandikia.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kumwandikia wewe wa baadaye ni rahisi, unamwaga matumaini yako na kufunga bahasha. Wewe umeambiwa kinyume: yeye ndiye ashike kalamu. Hapo watu hukwama kwa sababu hawamjui. Hal Hershfield, mwanasaikolojia wa Marekani, ameonyesha kwamba wengi wetu humfikiria huyo wa baadaye karibu kama mtu baki. Katika utafiti alioutoa na wenzake 2011, watu walioonyeshwa sura zao zikiwa zimezeeshwa kwa kompyuta walikuwa tayari kutenga pesa zaidi za uzeeni. Sura tu, bila mahubiri.

Kwa hiyo usianze na mawaidha. Barua nyingi nilizosomewa na marafiki zinatoka Karen, mtaa wa matajiri Nairobi: mwandishi ana magari mawili, watoto wako shule za maana, naye anakwambia usikate tamaa. Huyo humjui, na mtu baki akikuwaidhi utaitikia tu kwa heshima.

Wakati huo nilikuwa nauza vitambaa Biashara Street, jioni narudi Kawangware na gari la 46. Nilikuwa nasumbuka: niendelee na masomo ya uhasibu, CPA, au ile karo niiweke kwenye cherehani na kibanda Kenyatta Market? Nikachagua miaka 3, si 10. Miaka 3 unaiona. Mtoto wa gredi ya 4 atakuwa gredi ya 7, kodi itakuwa imepanda, na wewe ni yule yule wa kuumwa mgongo.

Nikaandika tarehe juu kulia, kama barua ya kirafiki tuliyofundishwa shuleni, kisha nikamfanya anisimulie Jumanne yake, Jumanne ya kawaida kabisa. Ameamka saa ngapi. Anakaa ghorofa ya ngapi. Nani yuko jikoni. Amelipa nauli kiasi gani, na nani anamdai. Nilimkataza kunishauri lolote mpaka amalize siku nzima.

Ni kwenye "nani yuko jikoni" mambo yalipogeuka. Mkono uliandika mama. Mama alikuwa kwake Murang'a, magoti yameanza kumsumbua, na sisi watoto tulikuwa tukisema tu "tutaona". Lakini huyu wa miaka 3 mbele aliandika kama jambo lililokwisha kuwa: amempikia mama uji kabla ya kutoka, na amekasirika kwamba bado wanakaa ghorofa ya 4 isiyo na lifti, mama hawezi kushuka kuota jua. CPA haikutajwa hadi ukurasa wa pili. Cherehani ilitajwa mapema, kwa sababu anashonea nyumbani.

Nilikwenda na swali la masomo au biashara, barua ikaniuliza nyumba. Nikaanza kutafuta ya chini. Nikawaita ndugu zangu tugawane gharama za mama kabla hajazidiwa. Cherehani nikainunua kwa mkopo wa Sacco, na CPA nimeisimamisha. Huenda nikairudia, huenda nisiirudie. Na usidhani barua ilitabiri. Mama mpaka leo hajahamia, anasema Nairobi haina hewa! Ila chumba chake kipo, na akija kliniki halali kwenye kochi.

Ukimaliza yake, mjibu. Yuta Chishima na Anne Wilson waliwajaribu wanafunzi wa shule ya upili Japani: wengine walimwandikia tu yule wa miaka 3 mbele, wengine wakaandika na jibu lake. Walioandika pande zote mbili ndio waliojiona karibu naye zaidi. Kwa hiyo mbishie. Wangu aliniambia niache kumkopesha mtu fulani, nikamjibu huyo tumezaliwa tumbo moja, tukajibizana karatasi nzima.

Kama umefiwa juzi, au moyo ni mzito kiasi kwamba huoni kesho yoyote, weka kalamu chini kwanza uongee na mtu.

Lugha isikusumbue. Yangu ina Kiswahili, Kikuyu na Sheng, maana ndivyo ninavyojisemesha. Na mshauri akitaka kuisoma, mwambie utamsimulia. Ukijua ataisoma, utaanza kumwandikia yeye.