Maswali na Majibu: Kiziwi Asiyeona na Kazi Yake

Barua za safari hii karibu zote zinahusu viziwi wasioona: huduma wanazohitaji na kazi wanazozitafuta. Nyingine zimetoka kwa waajiri, nyingine kwa ndugu, nyingine kwa wenyewe. Nimezifupisha bila kugusa maana. Kwa anayedhani hawa ni watu wa kuhesabika, Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona lilikadiria mwaka 2018 kuwa wenye hali hiyo kwa kiwango kikubwa ni asilimia 0.2 ya watu wote, na ukijumlisha wenye viwango vya chini inafika asilimia 2. Wengi wao wana kuona au kusikia kidogo kulikobaki, kwa hiyo usitarajie kumtambua kila mmoja kwa kumtazama.

Mdogo wangu ana miaka 19 na ni kiziwi tangu kuzaliwa. Siku hizi anajikwaa gizani, na daktari anasema ni Usher. Atafute kazi sasa au asubiri kwanza ijulikane macho yake yataishia wapi?

Asisubiri. Usher ni hali ya kurithi. Mara nyingi mtu huzaliwa kiziwi au mwenye usikivu hafifu, kisha macho hufifia polepole. Kwa kawaida huanza kushindwa kuona kwenye mwanga hafifu, halafu uwezo wa kuona pembeni unapungua mpaka anabaki kama anayechungulia kupitia bomba. Kasi yake hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hakuna daktari atakayemtajia mwaka. Akisubiri uhakika atasubiri ujana wake wote.

Anachoweza kufanya ni kujifunza mapema. Nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, ni rahisi zaidi kujifunza ukiwa bado unaona kitabu na uso wa mwalimu. Kadhalika kutembea kwa fimbo, na kupokea lugha ya alama kwa mikono badala ya macho. Najua vijana wengi huikataa fimbo kwa sababu inatangaza jambo wasilotaka litangazwe. Usimlazimishe. Mkutanishe na mtu mwingine mwenye Usher anayefanya kazi. Mazungumzo ya saa moja na huyo yatamfaa kuliko nasaha zako na zangu.

Kwa sasa, unapozungumza naye kwa alama, rudi nyuma hatua mbili tatu na usitawanye mikono mbali na kifua, ili yote iingie katika sehemu ndogo anayoiona. Vaa nguo isiyo na marembo, yenye rangi inayotofautiana na ngozi yako. Dirisha lisiwe mgongoni kwako. Mwajiri wake naye ataambiwa hayo hayo, na hayamgharimu chochote.

Mwombaji wa nafasi ya uhasibu ametuarifu kuwa ni kiziwi asiyeona. Tumemwita kwenye usaili. Tufanye nini tusije tukaharibu?

Mwandikieni barua pepe mumuulize anawasiliana kwa njia gani. Hamwezi kukisia, maana njia ni nyingi. Kuna anayeweka mikono yake juu ya mikono ya anayetumia lugha ya alama. Kuna anayeandikiwa herufi kubwa moja moja kwenye kiganja. Kuna wanaotumia alfabeti ya Lorm, iliyobuniwa mwaka 1881, ambapo kila herufi ina mguso au mkwaruzo wake mahali fulani pa mkono. Haben Girma, aliyehitimu sheria Harvard mwaka 2013 akiwa kiziwi asiyeona wa kwanza kufanya hivyo, humpa mzungumzaji kibodi isiyo na waya. Huyo huandika, na maneno yanachomoza kama nukta chini ya vidole vya Girma kwenye kifaa chake.

Mkishajua njia, tengeni muda maradufu. Anayepokea maneno kwa mkono hawezi kusikiliza huku akisoma waraka, kwa hiyo kila kitu huja kimoja baada ya kingine. Kama anatumia wakalimani wa mguso, watakuwa wawili na watapokezana kila dakika 20 hivi, kwa sababu mikono na akili huchoka. Jaribio la hesabu mtumieni kwa faili ambalo kisoma skrini, yaani programu inayogeuza maandishi ya kompyuta kuwa sauti au nukta nundu, kinaweza kulisoma. Karatasi iliyopigwa picha haisomeki.

Siku yenyewe, akishaketi, mwambieni waliomo chumbani ni kina nani na wamekaa wapi. Kila anayesema ajitaje kwanza. Na ulizeni mambo ya uhasibu! Nimeshasikia habari za wasailiwa walioulizwa kwa muda wote jinsi wanavyopika na wanavyovuka barabara, wakaondoka bila kuulizwa hata swali moja la kazi waliyoiomba.

Bosi wangu huongea na mkalimani wangu badala ya mimi. "Mwambie alete ripoti." Nimwambieje bila kugombana?

Mwandikie mstari mmoja: "Naomba uniambie mimi moja kwa moja, mkalimani atanifikishia kama ulivyosema." Kisha kubaliana na mkalimani kwamba kila akisikia "mwambie," akufikishie neno hilo hilo, nawe ujibu, "Niambie." Mabosi wengi huacha baada ya kujibiwa hivyo mara chache.

Kaka yangu amepata kazi. Kampuni inataka niwe naenda naye kila siku kumsaidia, bila malipo, kwa kuwa mimi ni dada yake na ninajua lugha yake. Ni sawa?

Si sawa, dada yangu, kwako wala kwake.

Kazi wanayokupa ina wenyewe: ni ya mkalimani mwongozaji. Huyo hufikisha mazungumzo, hueleza kinachoendelea mahali walipo, na humwongoza mtu anapotembea. Kanada na Marekani wana majina yao ya kazi hii na mafunzo yake. Msingi wake ni kwamba mwongozaji analeta taarifa, uamuzi unabaki kwa mwenye shughuli. Mkutano unaendelea, meneja amekunja uso, wawili wanaoneshana simu na kucheka. Aliyefunzwa atamfikishia hayo kaka yako wakati huo huo, pengine kwa ishara fupi mgongoni, maana ipo mitindo ya kuchora kwa vidole mgongoni nani ameingia, nani anacheka, nani ametikisa kichwa kukubali. Wewe, kwa mapenzi tu, utamfichia. Utasema "hakuna kitu" ili asiumie, na atakosa jambo ambalo kila mtu mezani amelijua. Isitoshe, kuna mshahara wake, barua ya onyo, habari za afya yake. Dada hapaswi kuwa wa kwanza kuzisoma.

Watu hupenda kumtaja Helen Keller, Mmarekani kiziwi asiyeona, kama mtu aliyeshinda kwa ushujaa wake mwenyewe. Mimi naiona hadithi yake kama hadithi ya huduma. Mwalimu wake, Anne Sullivan, alifika kwao mwaka 1887, akakaa naye karibu miaka 50. Keller alipohitimu chuo cha Radcliffe mwaka 1904, mihadhara ilikuwa imemfikia kwa maneno aliyotahajiwa kiganjani herufi kwa herufi. Kipaji kilikuwa chake, lakini bila mkono ule kisingejulikana, na ule mkono ulikuwa kazi ya mtu siku nzima.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unazungumzia ajira katika ibara ya 27, na unataka marekebisho yanayofaa mahali pa kazi. Kaka yako aiombe kampuni kwa maandishi impatie mkalimani mwongozaji, japo kwa saa chache: mikutano, mafunzo, wiki za mwanzo. Saa nyingine huenda hamhitaji mtu kabisa, ana kompyuta yake na meza yake. Wakishindwa kumpata mtu na mkaona uende wewe, basi uende kwa mkataba na malipo.

Kusema kweli, wanaweza kazi gani?

Robert Smithdas alipata shahada ya uzamili New York University mwaka 1953, akafanya kazi miaka mingi ya kuwafunza viziwi wasioona wenzake. Satoshi Fukushima wa Japani alipoteza macho akiwa na miaka 9 na masikio akiwa na 18. Mama yake akabuni njia ya kugonga vidole vya mwanawe kana kwamba ni vitufe vya mashine ya nukta nundu, na mwana huyo akaja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Tokyo.

Lakini nisikudanganye kwa maprofesa. Wengi wanataka kazi za kawaida: kuoka, kusuka, kufungasha bidhaa, kukanda misuli, kuandika programu, kuingiza data. Kinachofaa ni kumfundishia kazini kwenyewe, juu ya mashine atakayoitumia, na mkufunzi anayejiondoa kidogo kidogo. Kitone cha gundi iliyokauka juu ya kitufe cha kuwashia, kamba ya mpira kwenye chupa moja kati ya mbili zinazofanana, trei yenye vizuizi ili kila kipande kikae mahali pake: hayo ndiyo marekebisho ninayoyasikia yakisifiwa zaidi. Na asihamishiwe vitu bila kuambiwa. Kiti kilichosogezwa njiani kinamuumiza.

Moto ukizuka?

Katika jumuiya nyingi za viziwi wasioona, X kubwa ikichorwa mgongoni kwa kidole maana yake ni dharura: tunaondoka sasa hivi, maelezo baadaye. Wafundisheni wafanyakazi wote wa sehemu hiyo. Wekeni kengele inayotetema anayoweza kuivaa, teueni watu wawili wa kumfuata (mmoja anaweza kuwa likizo), na fanyeni zoezi naye akiwemo. Kumpa dawati karibu na mlango ni busara. Kumnyima kazi kwa kisingizio cha moto ni ubaguzi.

Nina fedha kidogo. Ninunue kifaa gani kwanza?

Kama una kompyuta ya Windows, kisoma skrini cha NVDA ni cha bure na kinafanya kazi na vifaa vingi vya nukta nundu. Kifaa chenyewe cha nukta nundu ndicho ghali. Chenye herufi 20 kwa mstari kinatosha kuanzia. Kabla ya kulipa, uliza kama kuna mpango wa umma wa kuvigawa. Marekani, kwa mfano, ina mpango wa kitaifa unaowapa bure viziwi wasioona wenye kipato kidogo vifaa vya mawasiliano. Tenga pia fedha ya mafunzo, ama sivyo kifaa kitaishia kabatini.

Nitaje hali yangu kwenye barua ya maombi?

Wataalamu wa ajira hawakubaliani, na mimi nina upande. Barua ya maombi izungumzie kazi na ujuzi wako. Ukiitwa kwenye usaili, hapo ndipo uwaambie, pamoja na unachohitaji: "Mimi ni kiziwi asiyeona. Nitakuja na wakalimani wawili, naomba maswali ya maandishi siku moja kabla, na usaili upewe saa mbili." Taja kila kitu kwa pamoja ili mwajiri asibaki na pengo la kujazia hofu zake. Usipoona ni salama kumwambia mapema hivyo, subiri mpaka upewe nafasi, ila siku ya kwanza kazini usiingie bila kusema, kwa sababu wakalimani hukodiwa mapema na kisoma skrini lazima kijaribiwe kwenye mifumo yao kabla hujaanza.