Spika za studio ukumbini: wenye nazo hawaelewani, nimsikilize nani?

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Nakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya marehemu babu, na nataka spika nzuri za kusikilizia taarabu za zamani pamoja na visomo baada ya Isha. Nimepata jozi mbili kwa wauzaji wawili: Yamaha NS-10M zilizotoka studio iliyofungwa, na Rogers LS3/5A za mzee mmoja. Ami yangu anazo LS3/5A na anaapa kuwa hazina mfano. Rafiki yangu wa Nyali alizinunua akaziuza upesi, anasema hazina besi. Kwa Yamaha ndiyo zogo kabisa: huyu anasema ndizo spika za kweli, yule anasema zinamuumiza kichwa. Amplifaya yangu ni ya Kijapani, wati 30, ilikuja na mitumba. Nimwamini nani, na ninunue zipi?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Waamini wote, maana sioni hata mmoja anayekudanganya. Kila mtu amekwambia alichokisikia. Ambacho hakukwambia ni alipokuwa amekaa. Spika ya monita, yaani ya fundi kuhakikia sauti, hutengenezwa kwa kazi maalumu, ifanyike mahali maalumu, na sikio likiwa umbali maalumu. Ukiihamisha hapo, inakuwa spika nyingine. Kwa hiyo mtu akikusifia au akikuponda spika, muulize kwanza anakaa mbali nayo kiasi gani, chumba chake kikoje, na anafungulia sauti kubwa kiasi gani. Majibu yake yatakusaidia kuliko sifa zake.

Tuanze na LS3/5A. Ilibuniwa na idara ya utafiti ya BBC huko Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo nje ya studio. Ndani ya gari hakuna nafasi. Fundi amebanana na mitambo, spika iko karibu na uso wake, na kazi yake kubwa ni kuhakikisha kuwa sauti ya mtangazaji inatoka kama ilivyo. Ndiyo maana kasha lake ni dogo namna ile: kimo sentimita 30, upana 19, kina 16, ukubwa wa ndani kama lita 5 tu. BBC haikuziuza yenyewe. Ilitoa leseni kwa viwanda, wakiwemo Rogers, Spendor, Harbeth na KEF, na zote za wakati ule zilitumia wufa (spika ya sauti za chini) ya KEF iitwayo B110 na twita (ya sauti za juu) T27.

Spika hii inajua sauti ya binadamu. Msomaji wa Qur'ani akivuta pumzi kabla ya aya, unaisikia ile pumzi, na unaisikia iko mbele yako katikati, si ndani ya boksi. Udi nao unatoka na mbao zake. Lakini lita 5 ni lita 5. Besi ya chini kabisa haimo, na haikukusudiwa iwemo. Waliosanifu waliacha kivimbe kidogo cha sauti juu kidogo ya Hz 100 (Hz ni mitetemo kwa sekunde), ili sikio lihisi kuna besi ya kutosha. Ukiwa karibu, na sauti ikiwa ya wastani, kivimbe hicho kinakutosheleza kabisa. Ukikaa mita nne nyuma, katika ukumbi mkubwa wa vigae uliofunguliwa milango ya roshani, pangaboi likizunguka kwa kasi, hicho kidogo kilichokuwepo kinapotea. Nadhani hapo unauona ukumbi wa rafiki yako wa Nyali.

Sasa uangalie wako. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi mita 2.5 hadi 3, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti hazivuki zaidi ya hapo. Ukipanga spika kwenye ukuta mrefu, nawe ukakaa umeegemea ukuta wa pili, uko kama mita 2 kutoka kwazo. Huo ni umbali wa monita hasa. Juu yako kuna boriti, si saruji bapa, na boriti zinaitawanya sauti badala ya kuirudisha kwa mpigo mmoja. Kama ami yako naye anakaa nyumba ya namna hiyo, sishangai kuwa anaapa. Mimi ningeapa naye.

Lakini usije ukazitia ndani ya kidaka, lile tundu la ukutani la kuwekea vitu. Najua vidaka vinavutia, na spika ndogo inaingia vizuri mno. Ikiwa humo, mashimo na kuta za kandokando zinaikuza besi ya juu ikawa ya kuvuma, na sauti ya mwimbaji inakuwa kama ya mtu aliye kisimani. Ziweke juu ya stendi nzito, wazi pande zote, sentimita 30 au zaidi kutoka ukuta wa nyuma, na twita iwe usawa wa sikio lako. Kama unapenda kusikiliza umekaa chini mkekani, stendi nazo zishuke. Ukiwa na nafasi ya kujaribu, zisogeze nyuma na mbele kidogo kidogo huku mwimbaji mmoja wa kiume anaimba. Mahali ambapo kifua chake hakivumi wala hakijakonda, hapo ndipo pake. Na usizivue kitambaa cha mbele kwa ajili ya kupendeza. Kitambaa kile, pamoja na feliti iliyoizunguka twita, vimo katika hesabu ya sauti yake.

Yamaha NS-10 ni hadithi nyingine. Ilitoka 1978 kama spika ya nyumbani, watu wa nyumbani hawakuichangamkia. Walioichukua ni mafundi wa studio, wakaipandisha juu ya meza ya kuchanganyia sauti, kama mita moja kutoka kichwani, na ile koni nyeupe ya wufa yake ikawa haikosekani studio. Sababu yake ipo. Kasha lake limezibwa, halina tundu la besi, kwa hiyo sauti ikikatika inakatika. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton uliotolewa 2001 ulionyesha jambo hilo hilo: noti za chini zinakufa upesi kuliko kwenye spika nyingi za aina yake, na fundi anajua mara moja kama ngoma na besi vimekaa sawa.

Upande wa pili ni huu. Masafa ya kati ya NS-10, karibu na Hz 2,000, yamepanda kama desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) juu ya kiwango, na besi inaanza kushuka mapema. Eneo hilo la juu ya Hz 2,000 ndilo sikio letu linaloliona kali zaidi. Kwa fundi ni neema, maana kila kosa la mchanganyo linajitokeza hapo. Kwa mtu aliyekaa kupumzika saa mbili mfululizo ni mateso, hasa kwa kanda unazozipenda wewe. Fidla na taishokoto (kinanda cha nyuzi cha Kijapani) za taarabu ya Mombasa zimejaa eneo hilo hilo, na kaseti iliyonakiliwa mara nyingi inaongeza ukali wake. Twita zenyewe zilikuwa kali kiasi kwamba mafundi walizoea kuzitundikia tishu mbele ili kupunguza makali, na toleo la Studio la 1987 likaja na twita iliyolainishwa. Kwa hiyo anayesema ndizo spika za kweli, muulize kama anachanganya nyimbo. Anayesema kichwa kinamuuma, anazitumia kama utakavyozitumia wewe.

Wapo wanaofurahi nazo nyumbani. Niliowasikia wakifurahi wameshusha desibeli 3 au 4 kwenye Hz 2,000 kwa ikwalaiza (kifaa cha kurekebisha masafa) na kuongeza sabwufa, spika ya besi tupu, chini. Inawezekana, lakini ukiona spika inahitaji yote hayo ili ikae nawe kwa amani, bora umwachie kijana anayefungua studio. Atazihitaji kuliko wewe.

Na kama shabaha yako ingekuwa wageni wengi ukumbini na ngoma ya kutikisa, nisingekuelekeza kwa yoyote kati ya hizi. Hapo watu hutafuta JBL kubwa za inchi 12, kama 4310 iliyotoka 1968 au L100, toleo lake la nyumbani la 1970. Zina furaha na zina nguvu, lakini chumba chako chembamba zingekifurika.

Basi kwako ni LS3/5A, ikiwa ni nzima. Hapo kwenye uzima usikimbilie. Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu, na vitu hivi vina umri mkubwa.

Anza nyuma. Angalia namba za spika mbili, zionyeshe kuwa zilitoka kiwandani pamoja, maana ziliuzwa kwa jozi zilizolinganishwa. Angalia matundu ya waya, kama yameota kutu ya kijani. Kutu ya juu inasafishika, ila inakupa habari ya vilivyomo ndani. Kisha omba kuvua kitambaa. Ukingo wa wufa ya B110 ni wa mpira, na hilo ni jambo jema sana kwa pwani. Monita nyingi za zamani zina ukingo wa sponji, na sponji kwa unyevu huu inaoza ikawa inanata kidoleni kama sukari guru. Weka ncha za vidole vinne kuizunguka koni, isukume taratibu ndani sawasawa, iache irudi. Ikikwaruza hata kidogo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imepinda au imeungua, na hiyo wufa si nzima. Kwenye NS-10 usifanye utani na koni nyeupe: Yamaha iliacha kuzitengeneza 2001 kwa kukosa malighafi ya karatasi ile, na iliyochanika haina mbadala wa asili.

Twita ndiyo inayowadanganya wengi. Mtu anaweka mita ya kupimia umeme kwenye matundu ya nyuma, anasoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kadhaa, anaridhika. Lakini twita iko nyuma ya kapasita, kifaa kinachouzuia umeme wa mita, na mita haiwezi kuiona kutoka hapo. Inaweza kuwa imekufa na mita ikasema mambo ni mazuri. Fanya hivi: fungulia redio ya FM kati ya vituo viwili, pale panapotoa mchakato mtupu (ile sauti ya "shhh"), weka mono, sauti ya chini. Leta sikio karibu na twita ya kwanza, kisha ya pili. Mchakato uwe ule ule, kwa ukali ule ule. Moja ikiwa butu, ama twita imeungua ama kapasita za krosova (sakiti inayogawa sauti kwa wufa na twita) zimechoka. Kapasita zinabadilishika, mradi zibadilishwe kwenye spika zote mbili kwa pamoja na kwa vipimo vile vile. T27 iliyoungua ni shughuli nzito zaidi, maana KEF iliacha kuitengeneza zamani, na bei ya zilizobaki imepandishwa na wakusanyaji.

Kuhusu amplifaya yako, wati 30 zinatosha kwa chumba hicho. Ujue tu kuwa LS3/5A ni nzito kusukuma. Kwa wati moja, mita moja mbele, inatoa kama desibeli 83, na NS-10 inatoa 90. Tofauti hiyo maana yake amplifaya inabidi itie nguvu mara tano ili sauti zilingane. Usijaribu kufidia kwa kukaza sauti mpaka inapasuka, kwa sababu mpasuko huo ndio unaoua twita. Omu zisikutishe: za mwanzo ni 15 na za mwishoni mwa miaka ya 1980 kuendelea ni 11, na zote ni nyepesi kwa amplifaya yako kuliko omu 8.

Kinachonitia wasiwasi ni neno lako "ilikuja na mitumba". Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 240. Igeuze leo usome bamba la nyuma. Ikiwa imeandikwa 100V peke yake na wewe umekuwa ukiiunganisha kwa transfoma ndogo ya kubahatisha, nunua kwanza transfoma ya kushusha yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa hapo nyuma, halafu ndiyo urudi kwa yule mzee wa Rogers.