Kwa wanaoanza maabara ya maji: anzeni na ayoni

Kila msimu wa fildi tunapokea vijana maabara hapa Dodoma, na karibu wote wanafanana kwa jambo moja. Mwonyeshe CaCO₃, atasema "kalsiamu kaboneti" bila kusita kwa kuwa aliikariri sekondari. Mpe Ca(NO₃)₂, anatazama dari. Kwa hiyo, wadogo zangu, acheni kukariri kampaundi. Karirini ayoni, yaani atomu au makundi ya atomu yenye chaji ya umeme, tena kila moja na chaji yake.

Za kuanzia hazizidi ukurasa mmoja wa daftari. Upande wa chanya wekeni Na⁺, K⁺, Mg²⁺, Ca²⁺, Al³⁺ na NH₄⁺. Upande wa hasi Cl⁻, F⁻, O²⁻, OH⁻, NO₃⁻, HCO₃⁻, CO₃²⁻, SO₄²⁻ na PO₄³⁻. Mkishazijua, jina linajitengeneza: chanya hutajwa kwanza, hasi hufuata. Kalsiamu ina mbili chanya, naitreti ina moja hasi, hivyo naitreti mbili zinahitajika ili chaji zifutane. Jina linabaki kalsiamu naitreti. Hiyo "mbili" haitamkwi, kwa sababu anayejua chaji ataihesabu mwenyewe. Dai-, trai- na wenzake ni za zisizo metali zinapoungana zenyewe kwa zenyewe, kama kaboni monoksaidi na kaboni daioksaidi.

Miisho ndiyo inayowaponza wengi. Elementi moja yenye chaji hasi huishia -aidi: kloraidi, floraidi, oksaidi. (Haidroksaidi na sayanaidi zimejipenyeza humo ingawa ni makundi, zizoeeni tu.) Kundi lenye oksijeni huishia -eti, na ndugu yake mwenye oksijeni moja pungufu huishia -aiti. Chaji haibadiliki: SO₄²⁻ ni salfeti, SO₃²⁻ ni salfaiti.

Msidhani ni urembo wa herufi. Visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo au mazizi huweza kuingiwa na naitreti, nasi huipima pamoja na naitraiti, NO₂⁻. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaishia miligramu 50 kwa lita kwa naitreti, lakini 3 tu kwa naitraiti, maana hii ya pili huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni vizuri. Ukikosea mwisho wa neno kwenye fomu ya majibu, kisima kibaya kinapita kuwa kizuri.

Sasa namba za Kirumi. Chuma (aironi), shaba (kopa) na risasi zina chaji zaidi ya moja, kwa hiyo jina lazima liitaje. Wekundu wa udongo wa huku unatokana na Fe₂O₃, na nusu ya vijana huiita aironi(II) oksaidi kwa sababu wameona 2 ndogo pembeni ya Fe. Hapana. Hiyo 2 ni idadi ya atomu. Anzeni na oksijeni: tatu, kila moja hasi mbili, jumla hasi sita. Chuma viwili vinagawana chanya sita, kila kimoja tatu. Ni aironi(III) oksaidi. Mrututu wanaochanganya na chokaa kupulizia zabibu ni CuSO₄: salfeti ina hasi mbili, atomu ya shaba ni moja tu na lazima izifute zote, basi ni kopa(II) salfeti. Kwa sodiamu au kalsiamu msiweke namba kabisa. Mnaonekana hamjui kuwa chaji ya kila moja haibadiliki kamwe.

Kingine ni amonia na amoniamu. NH₃ haina chaji, NH₄⁺ inayo. Ya kwanza ni gesi inayochoma pua, ya pili imo kwenye mfuko wa mbolea ya SA, yaani amoniamu salfeti, (NH₄)₂SO₄. Hayo mabano yanasema kundi zima limerudiwa mara mbili, si haidrojeni peke yake.

Majina ya asidi yana utaratibu wake. Yaacheni mpaka muweze kusoma karatasi nzima ya majibu ya kisima na kutaja kila ayoni bila kuchungulia daftari.