Unaanza uzamivu kuhusu matatizo ya lugha kwa watoto? Anzia kwenye rekodi

Usianze kwa kutafsiri kipimo cha Kiingereza. Kipimo hicho humtega mtoto kwenye "s" ya wingi, ilhali mtoto wa Kiswahili ana mzigo mwingine: kitabu kikubwa kimeanguka, vitabu vikubwa vimeanguka. Ukitafsiri, utapima kisichokuwepo na kuacha kinachomlemea.

Rekodi maongezi yake. Kibali cha kamati ya maadili kinatangulia, na kwa Kenya hufuatiwa na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Tenga miezi, si wiki. Kabla ya kurekodi, mpime usikivu kwa desibeli 20 kwenye 1000, 2000 na 4000 Hz, sikio moja moja, mahali patulivu. Asiyesikia vizuri anahitaji rufaa kwanza. Hifadhi sauti kwa WAV, 44.1 kHz; MP3 hukata sehemu ya sauti, na siku utakapotaka kulinganisha "s" na "sh" kwenye Praat, programu ya kuchambua sauti, hutaweza kuirudisha. Mvua ikipiga bati, ahirisha.

Lenga semi 50, yaani kauli anazotamka mwenyewe, kwa kila mtoto, 100 ukiweza. Usihesabu maneno peke yake: "sijamwona" ni neno moja, lakini ndani yake mna si-ja-mw-on-a, vipashio vitano. Je, ile -a ya mwisho inahesabiwa? Na "nataka" ina "ni" iliyomezwa, au haina? Amua mapema, andika, usibadilishe katikati. Kisha mwenzako asiyejua nani ana tatizo anukuu upya angalau asilimia 10 ya rekodi. Mkipishana sana, chunguzeni kanuni zenu kabla ya kulaumu masikio.

Kosa linaloumiza watoto zaidi ni kuita lahaja ugonjwa. Watu wazima wengi husema "naenda" na "zahabu", na lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi r na l. Kwa hiyo rekodi pia wazazi na walezi wa mtaa huohuo. Mtoto akisema kama wao, hajakosea, hata kama kamusi inasema vingine.

Mwenye lugha mbili mpime kwa zote mbili. Tatizo halisi la lugha hujitokeza kote. Likionekana kwenye Kiswahili tu, muulize mama alianza kukisikia lini, na wapi.