Januari Tanga ni ya maji, si ya shahamu: kuvuta ndege uani

Wiki hii umeingia ujumbe wa msomaji wa Chumbageni, hapa Tanga. Aliona mtandaoni Wazungu wanachanganya shahamu ya ng'ombe na mbegu za alizeti, wanajaza kwenye kifuu, wanatundika mtini, na ndege wanakuja makundi kwa makundi huku theluji imetanda. Naye akafanya vivyo hivyo kwenye mwembe wake. Siku ya kwanza shahamu ikayeyuka na kuchuruzika tawi zima. Siku ya pili wakajaa majimoto. Siku ya tatu kunguru wakaangusha kifuu na kugombania mabaki chini. Anauliza: "Nimekosea vipimo?"

Vipimo vyako viko sawa, ndugu yangu. Majira ndiyo yaliyokupiga chenga.

Huko Ulaya na Marekani, Desemba hadi Februari, theluji hufunika mbegu na wadudu hutoweka. Usiku ni mrefu, na ndege mdogo huchoma mafuta ya mwili wake usiku kucha ili baridi isimuue. Kwake shahamu ni kuni. Kwetu miezi hiyohiyo ni kaskazi: vuli imeisha, jua limesimama, joto la mchana hupita nyuzi 30, madimbwi yamebaki nyufa. Mbegu za majani bado zipo na wadudu wapo. Kinachokosekana ni maji. Tena shahamu kwenye joto hilo huchacha upesi, na ikimpaka ndege manyoya hugandamana, hayazuii tena maji wala hayambebi vizuri. Mambo haya tumeyaandika hapa zaidi ya mara moja, na kila Januari swali la kwanza tunaloulizwa ni la mbegu. Basi leo tuanze na bakuli la maji.

Tafuta mkungu wa udongo wa kufunikia chungu, au sahani ya kuwekea chini ya chungu cha maua, yenye upana wa sentimita 35 hadi 40. Uso uwe wa kukwaruza, usiwe wa kung'aa, maana ndege anayeteleza harudi. Maji yasizidi sentimita 5 katikati, na pembeni yawe sentimita 1 au 2. Mshigi, mla mbegu mdogo, na chozi, mfyonza maua, ni ndege wa gramu chache tu. Beseni la plastiki lililojaa kwao ni kisima cha kufia. Kama huna ila beseni, litie kokoto hadi maji yabaki kina cha kidole kimoja, kisha weka jiwe bapa katikati lichomoze juu.

Liinue mita 1 kutoka ardhini, juu ya matofali au kigogo, mita 2 hadi 3 kutoka kwenye kichaka au mti wa karibu. Kipimo hiki wengi wanakipuuza. Ukiliweka chini ya kichaka, paka shume atalala humo akimsubiri mnyonge wake. Ukiliweka katikati ya uwanja mtupu, ndege hana pa kukimbilia mwewe akipita, na kwa kuwa ameloa hawezi kuruka mbali. Mita mbili au tatu zinampa nafasi ya kumwona paka na pia pa kujificha. Kivuli cha saa sita mchana ni muhimu, la sivyo maji yanakuwa ya kuchemshia chai.

Sasa mbu. Jirani yako atakuja kulalamika, na ana haki. Mbu wa homa ya dengue hutaga kwenye vyombo vidogo vya aina hiihii, na kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama siku 7 hadi 10. Kumwaga na kujaza upya kila asubuhi kunavunja mzunguko huo, lakini kumwaga peke yake hakutoshi: mayai hugandia ukingoni, juu kidogo ya mstari wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji yarudi. Sugua ukingo kwa brashi au kumbi la nazi. Usitumie sabuni. Mara moja kwa wiki changanya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, loweka dakika 10, suuza mara tatu, anika juani mpaka harufu iishe.

Na hii hapa ndiyo siri ya kazi nzima: tone. Ndege husikia maji kabla hawajayaona. Chukua chupa ya lita 1.5, itoboe kitundu kimoja chini kwa sindano ya kushonea, jaza maji, itundike mita moja juu ya bakuli. Kasi unaiongoza kwa kifuniko: ukikaza, hewa haiingii na tone linakatika, ukilegeza kidogo, linaanza. Lenga tone moja kwa sekunde. Mililita moja ina matone kama 20, kwa hiyo chupa ile ina matone 30,000, yaani saa 8 na dakika chache. Jaza saa moja asubuhi, itakufikisha alasiri. Kitundu kikiziba ni mchanga wa bomba. Chuja maji kwa kitambaa.

Subira inahitajika. Shore huwa wa kwanza kushuka, pengine siku ya pili au ya tatu, kwa sababu hawana aibu. Wakishaoga shore mbele ya macho yao, wengine huamini.

Tuje kwa kunguru. Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu asili yake ni India. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kusafisha taka, akavuka bahari na kuugeuza mwambao wote kuwa wake. Methali inasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, lakini huyu ubawa wake anauleta hadi jikoni kwako. Anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, kwa hiyo ukimlisha yeye unawaua hao unaotaka kuwaona. Usimwage ugali, wali, mifupa wala dagaa uani. Mkate nao hauna maana: unamshibisha ndege bila kumjenga, na kunguru anauona hata akiwa mtaa wa Raskazone.

Dawa yake ni tundu la waya, ila ni tundu la kumzuia yeye nje, wala si la kumfunga ndege mwingine ndani. Nunua waya wa kuku wenye matundu ya inchi moja na nusu, mita 3 na nusu. Kata mita 2, zungusha: unapata duara la upana wa sentimita 60 hivi, na sehemu ya kubakia ya kushonea. Kipande kilichobaki kinatoa mfuniko na kitako. Ncha zote zilizokatwa zikunje kwa koleo zitazame nje ya njia ya ndege, maana mguu wa mshigi ni mwembamba kuliko njiti ya kibiriti. Kifuu cha mbegu kining'inie katikati kabisa, ili pande zote kibaki na zaidi ya sentimita 20 hadi kwenye waya. Ukikipeleka pembeni, kunguru ataingiza mdomo na kukimwaga. Shomoro na mshigi hupenya bila shida. Mnana wakubwa wengine hukwama mabegani na kukata tamaa. Tetere na pugi hawaingii kabisa, nao wanatosheka na punje zinazodondoka chini.

Mbegu zenyewe: uwele, mtama mwekundu uliovunjwavunjwa, ulezi, chenga za mchele. Uwele unapendwa kuliko vyote. Vijiko vitatu vya chakula asubuhi, basi. Kikibaki kitu jioni, kesho punguza. Kikilala nje, panya wanaamka. Toboa kifuu matundu matatu kwa msumari ili mvua ya ghafla isigeuze mbegu kuwa togwa. Punje zilizoota ukungu mwaga mbali, usizianike na kuzirudisha. Ukungu unaua ndege kimyakimya.

Majimoto na sisimizi wana dawa isiyo na sumu. Kopo dogo litobolewe katikati ya kitako, waya wa kutundikia upite, tundu lizibwe kwa nta au gundi, kisha kopo lijazwe maji. Hilo ni handaki: mdudu anayeshuka kwenye waya anakutana na bahari. Kopo liwe juu ya kifuu. Wanaopaka grisi kwenye waya wanarudia kosa lilelile la shahamu, inaishia kwenye manyoya.

Matunda: papai lililoiva au ndizi, nusu kipande, kwenye msumari uliopigiliwa tawini. Shore na kuzumburu watalipiga hadi ganda. Ondoa magharibi, au popo watakufanyia karamu na ukuta wako utapakwa rangi.

Chozi usihangaike kumwekea maji ya sukari. Inawezekana, sehemu 1 ya sukari nyeupe kwa 4 za maji, bila asali wala rangi, lakini kwa joto letu yanachacha ndani ya siku moja, na kazi ya kuosha kichupa kila asubuhi utakushinda mwezi wa kwanza. Panda mlonge. Hukua haraka, huweza kuchanua ndani ya mwaka, na majani unakula wewe.

Mwenye kuku asikilize hapa. Bakuli la ndege wa porini na la kuku yasiwe moja, na kifuu kisining'inie juu ya banda, maana kinyesi kinaweza kubeba mdondo kwenda na kurudi. Kuku wapate chanjo ya mdondo iitwayo I-2, tone moja la jicho kila miezi 3. Ukiona ndege yeyote uani amejituna manyoya, macho nusu, haruki ukimkaribia, toa mbegu na bakuli vyote kwa wiki mbili na uoshe kwa klorini. Huruma ya kuendelea kulisha hapo ndiyo inayoeneza ugonjwa.

Kutazama: saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi, halafu saa 10 jioni hadi jua likitua. Bakulini, Januari, hata saa saba mchana kuna foleni. Kaa mita 5 au 6, mgongo uupe mashariki asubuhi, la sivyo kila ndege utamwona mweusi. Darubini ya 8x42, yaani ya kukuza mara 8, inatosha. Ya mara 10 hutikisika mkononi. Na inua macho. Tanga ni waja leo waondoka leo, na hewani wako wageni wa kweli: mbayuwayu waliotoka Ulaya, waliofika baada ya Septemba. Mbegu zako hawazitaki, wanadaka wadudu hewani. Ikifika Mei huwa wameshaondoka, na zamu inakuwa ya keremkerem, ndege mla nyuki, kutoka Bukini, yaani Madagaska.

Nalo la mwisho linauma. Ukianza kuvuta ndege, utavuta pia watoto wenye manati na wale wanaopaka ulimbo wa fenesi matawini. Usiwafukuze kwa matusi. Watarudi ukiwa kazini. Mpe mmoja daftari na kalamu, aandike tarehe, saa, idadi na rangi ya kila anayetua. Mtoto aliyemhesabu shore wake mara kumi ana wivu naye kuliko wewe. Na mzazi unayemnunulia mwanao mpira wa manati dukani, kisha unaniuliza mbona uani kwako wamebaki kunguru tu, ukweli unaujua.

Masika yakishika, pindua bakuli na lifunike, shusha tundu kabla halijaota kutu. Uwele uliobaki wape kuku.