Maswali na majibu: Bamba la chuma ukutani nyuma ya jiko

Nichague alumini, shaba nyekundu au stenlesi?

Stenlesi, kama huna sababu maalumu ya kutaka nyingine. Daraja la 304, lenye kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli 8, huvumilia mvuke na mafuta miaka mingi. Alumini ni nyepesi na hukatika kwa urahisi, ila hukwaruzika upesi na sabuni kali huitia madoa. Shaba hupendeza ikiwa mpya, lakini tone moja la limau huacha alama. Wapo wanaoipenda hivyo, mimi simo.

Dukani nenda na sumaku. Bamba la 304 halivutwi, au huvutwa kidogo mno. La 430, daraja jingine la stenlesi, huvutwa barabara. Hilo la 430 nalo linafaa ukutani pakavu, ila usiuziwe kwa bei ya 304. Unene wa milimita 0.8 hadi 1 unatosha.

Ukuta una vigae vya zamani. Nivibomoe?

Si lazima. Gonga kimoja kimoja. Kinacholia kama kitupu kimeachia, kitoe na uzibe pengo. Osha mafuta yote, kisha piga msasa ili gundi ishike. Halafu laza rula ndefu ukutani: bamba linalong'aa halifichi bonde wala kilima, tena taa ya jikoni hulichongea zaidi.

Kuna soketi mbili pale ninapotaka kuweka bamba. Matundu yake nayakataje?

Hapa ndipo kazi ilipo. Mengine yote ni gundi na subira. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha hakikisha kwa testa. Kata kwanza umbo zima kwa boksi gumu, ulijaribu ukutani hadi likae sawasawa, ndipo ulihamishie kwenye bamba. Vipimo vya soketi vianzie kwenye kaunta, kwa kuwa bamba litakaa juu yake.

Toboa pembe nne kwa drili, malizia kwa msumeno wa umeme wenye meno ya kukatia chuma. Piga tupa kingo zote: kingo ghafi hukata vidole leo na kuchuna waya kesho. Bamba likishakaa, soketi itahitaji skrubu ndefu zaidi ili ifike mbele, na waya usiguse chuma popote. Suala la kuliunganisha bamba na waya wa ethi mwachie fundi umeme mwenye leseni. Hapo si pa kubahatisha.

Skrubu au gundi?

Gundi, kwa nyumba nyingi. Tumia silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na shaba haiipendi kabisa. Ipake kwa mistari ya wima, bandika, kisha egemeza mbao hadi ikauke. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kila mwisho uizibe kwa silikoni, maana chuma hutanuka. Alumini ya mita 2 ikipata joto zaidi kwa nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 2. Ikikosa pa kwenda, itavimba katikati. Nailoni inayokinga uso wa bamba ibandue mwisho kabisa.

Naweza kuweka plaiwudi nyuma ya bamba, karibu na jiko la gesi?

Hapana. Chuma hakizuii joto, hulipitisha, na mbao iliyofichwa nyuma yake huungua polepole bila mtu kuona. Weka ubao wa saruji, na ufuate umbali ulioandikwa na mtengenezaji wa jiko.

Likichafuka, nisugue kwa stilwuli?

Usithubutu. Huacha chembe za chuma zinazoota kutu juu ya stenlesi yako. Tumia kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukifuata mistari ya bamba. Dawa yenye klorini nayo iache chooni.